Betri za ndege za rimoti na ndege nyuki: kwa nini huwaka moto, na namna ya kukaa nazo salama nyumbani

Ndege ndogo ya kurushwa kwa rimoti inaweza isifike hata kilo moja. Lakini betri iliyo tumboni mwake ikichajiwa vibaya, ikitobolewa au waya zake zikigusana, inaweza kuteketeza nyumba na kila kilichomo. Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya betri hiyo, hitilafu za umeme zinazoangusha ndege, na mambo ya kufanya kabla moto haujawaka na ukishawaka.

Msikilizaji wa Balang'dalalu, Basotu, Katesh au Haydom anaweza kusema: mimi sina ndege, hili halinihusu. Linakuhusu. Betri ya ukoo huo huo iko kwenye simu unayosomea makala haya, kwenye powa benki, kwenye spika ndogo ya muziki na kwenye taa nyingi za sola. Tofauti ni kwamba ya ndege hutoa umeme mwingi zaidi kwa mara moja, kwa hiyo ikikosewa huadhibu haraka.

Na kwetu vijijini adhabu hiyo ni kubwa. Nyumba nyingi zina mlango mmoja. Chumba wanacholala watoto mara nyingi ndicho chenye magunia ya mahindi na alizeti. Gari la zimamoto liko mbali, na maji yaliyomo ndani ni ya ndoo mbili tatu. Kwa hiyo kinga ndiyo zimamoto yetu ya kwanza.

Ndege hizi zimefikaje kwetu

Kwa muda mrefu ndege za rimoti zilikuwa mchezo wa watu wenye pesa zao mijini. Siku hizi ni vyombo vya kazi. Katika maeneo ya Tarangire na Manyara, na pia upande wa Serengeti, askari wa wanyamapori wamejaribu kutumia ndege nyuki ndogo kuwaondoa tembo mashambani. Mlio wake unafanana na wa kundi la nyuki, na tembo nyuki hawataki kuwasikia.

Mwaka 2018 ndege ya umeme isiyo na rubani ilikuwa ikifanya majaribio ya kusafirisha dawa kutoka Mwanza kwenda Ukerewe. Safari ya kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria iliimaliza kwa dakika 40 hivi, wakati kwa barabara ni kilomita 240 na saa sita. Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege za kampuni ya Zipline hupeleka damu kwenye hospitali na kuidondosha kwa parachuti.

Wapo pia wapiga picha wa harusi na vijana wenye vipaji. Mtoto wa kijijini ametengeneza ndege ya mabua na gari la maboksi tangu zamani. Leo anaweza kupata mota ndogo kwenye redio au kompyuta mbovu, na betri kwa fundi simu. Kipaji hicho tusikizime. Tukipe maarifa ya kukilinda.

Ndani ya betri kuna nini

Wengi wetu tumekulia kwenye redio za betri kavu. Zilipochoka, mzee alizitoa akazianika juani, na jioni redio ikasema tena kwa muda. Ilifanya kazi kweli, kwa sababu joto huharakisha mchanganyiko wa kemikali uliobaki ndani na kuutoa umeme wa mwisho mwisho. Lakini desturi hiyo usiihamishie kwenye betri za lithiamu. Kwa hizi, joto ndilo adui namba moja.

Betri ya lithiamu ya aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani. Mwaka 2019 wanasayansi watatu walioiwekea msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Sifa yake ni wepesi. Kilo moja ya betri ya lithiamu hubeba nishati mara nne au tano ya kilo moja ya betri ya gari. Bila wepesi huo ndege ndogo za umeme zisingeweza kuruka muda wa maana.

Ukiweza kuiona kwa ndani, ungekuta karatasi nyembamba za shaba na alumini zilizopangwa kama chapati. Upande mmoja umepakwa kinywe, madini meusi ambayo Tanzania inayo, kwa mfano Mahenge mkoani Morogoro. Upande wa pili umepakwa mchanganyiko wa madini mengine yenye lithiamu. Katikati kuna utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele, na vyote vimeloweshwa kwa kimiminika ambacho, kama petroli, huweza kushika moto.

Usalama wote wa betri unategemea utando huo. Ukichanika, ukiyeyuka au ukitobolewa, pande mbili hugusana na betri hupiga shoti ndani kwa ndani. Joto hupanda, kimiminika huchemka na kuwa gesi, gesi huvimbisha mfuko, mfuko hupasuka na gesi huwaka. Seli moja ikiwaka hupasha ya jirani, nayo ya jirani hupasha inayofuata. Upande wenye madini ukipata moto hutoa hewa ya oksijeni, ndiyo maana kufunika kwa blanketi peke yake hakuzimi moto huu. Unajipulizia wenyewe.

Betri ya simu huwekwa kwenye gamba na ina kadi ndogo ya umeme inayoikatia chaji ikijaa au ikiisha. Betri nyingi za ndege za rimoti hazina vitu hivyo. Ni mfuko laini, kama pakiti ya maziwa, uliozungushiwa plastiki tu. Zimevuliwa ulinzi ili ziwe nyepesi, na ulinzi uliovuliwa umekabidhiwa kwa mtumiaji.

Soma maandishi kabla ya kuchomeka

Chukua mfano wa betri inayotumika sana kwenye ndege za kujifunzia. Imeandikwa 3S, 11.1V, 2200mAh, 25C. Maana yake ni hizi:

3S ni seli tatu zilizofuatana. Kila seli ina volti 3.7 za jina, kwa hiyo tatu ni volti 11.1.

2200mAh ni ujazo wake. Ukiitoa ampea 2.2, itadumu saa moja.

25C ni kasi yake ya kutoa umeme. Zidisha 2.2 kwa 25, unapata ampea 55. Plagi ya ukutani nyumbani ina fyuzi ya ampea 13. Kwa hiyo kitu kinachoenea kiganjani kina uwezo wa kusukuma umeme mara nne ya kiwango cha fyuzi ya plagi. Waya zake nyekundu na nyeusi zikigusana, cheche yake si ya mchezo.

Sasa kariri namba nne za seli moja, maana ndizo zinazotunza betri. Volti 4.2 ni imejaa, usipite hapo hata kidogo. Volti 3.7 ni jina lake. Volti 3.8 hivi ni kiwango cha kuihifadhi. Volti 3.0 ni sakafu, isishuke chini ya hapo. Kwa betri ya seli tatu, imejaa kwenye volti 12.6 na sakafu yake ni volti 9. Marubani wazoefu hawangoji sakafu. Hutua seli ikiwa bado na volti 3.5 hivi, kwa sababu ikikaribia mwisho hudondoka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

Multimita ya kawaida, ile ya mafundi redio, inatosha kupimia haya yote.

Hitilafu zinazoangusha ndege

Ndege ya rimoti ya umeme ina vitu vichache: betri, mota inayozungusha propela, kidhibiti kinachopunguza na kuongeza mwendo wa mota, kipokezi kinachosikia amri za rimoti, na mota ndogo za usukani zinazovuta mabawa na mkia. Kwa kawaida kidhibiti hicho hicho huchukua umeme wa betri na kuupunguza hadi volti 5 hivi kwa ajili ya kipokezi na usukani. Ukiujua mpangilio huo, hitilafu nyingi zinaeleweka.

Ya kwanza ni kipokezi kukosa umeme angani. Mota ndogo ya usukani ikikwama, labda kwa sababu fimbo yake imepinda, huvuta umeme mwingi. Volti za kipokezi hushuka, kinazimika kwa sekunde moja mbili kisha kinawaka tena. Kwa mtu aliye chini, ndege inaonekana kama imekataa amri. Wengi husema rimoti imeharibika, kumbe ni njaa ya umeme. Kabla ya kurusha, sukuma usukani kila upande ukisikiliza. Mota ya usukani inayonguruma bila kutulia inakula umeme bure.

Ya pili ni mota kukatika betri ikichoka. Hii si ubovu. Kidhibiti kimepangwa kuizima mota volti zikishuka ili umeme mdogo uliobaki uutumikie usukani, nawe upate kutua ukinyiririka. Ukiona mota inakatakata, usiilazimishe. Elekeza ndege pasipo na watu na utue.

Ya tatu ni viungo vibaya. Kiungo kilicholehemiwa vibaya huonekana kimara, lakini hupata moto umeme mwingi ukipita, kisha hulegea kwa mtikisiko wa mota. Waya mwembamba kupita kiasi hupata moto vilevile hadi plastiki yake inayeyuka. Baada ya kuruka, gusa waya na viungo kwa tahadhari. Palipo na joto kuliko pengine ndipo penye ugonjwa.

Ya nne ni waya kusuguliwa au kubanwa. Ndege hutikisika. Waya unaopita kwenye ukingo mkali wa mbao au plastiki utachubuka siku kwa siku hadi shaba ionekane. Vilevile waya unaobanwa na kifuniko utapondeka bila wewe kujua.

Ya tano ni propela kuanza kuzunguka bila kutarajiwa. Betri ikishaunganishwa, ihesabu ndege kuwa hai. Propela ndogo inakata vidole. Utaratibu ni huu: weka kitasa cha mwendo chini kabisa, washa rimoti kwanza, ndipo uunganishe betri ya ndege. Ukimaliza, tenganisha betri ya ndege kwanza, ndipo uzime rimoti. Ukifanya kinyume, ndege inaweza kubaki hai bila mwenye kuiamuru. Unapofanyia majaribio ndani ya nyumba, ng'oa propela.

Waya mmoja uliobanwa, na ndege kubwa iliyoungua

Atakayeona hitilafu ya waya uliobanwa ni jambo dogo, akumbuke yaliyotokea Uingereza tarehe 12 Julai 2013. Ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 787, ile inayoitwa Dreamliner, ilikuwa imeegeshwa kwenye uwanja wa Heathrow, London. Haikuwa na abiria na ilikuwa imezimwa kwa saa kadhaa. Moshi ukaanza kutoka, na sehemu ya juu ya mwili wa ndege karibu na mkia ikaungua.

Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza walifuatilia hadi kwenye kisanduku kidogo kilichofungwa juu ya dari. Kazi ya kisanduku hicho ni kutuma ishara ya mahali ndege ilipo ikianguka, nacho kina betri yake ya lithiamu. Walikuta waya za betri hiyo zilikuwa zimepishana na kubanwa chini ya kifuniko chake. Kwa maelezo yao, kubanwa huko huenda ndiko kulikofungua njia ya shoti, betri ikatoa umeme wake bila kizuizi, ikapata moto na kuwaka.

Ni ndege ya mamilioni ya dola, ya shirika kubwa la Afrika Mashariki, iliyotengenezwa na kukaguliwa na wataalamu. Kilichoiunguza ni waya mbili zilizolala vibaya chini ya kifuniko. Hitilafu hiyo hiyo unaweza kuikuta kwenye ndege ya boksi, kwenye tochi iliyofungwa na fundi kwa haraka, au kwenye spika iliyowekewa betri isiyo yake. Ndiyo maana kabla ya kufunga kifuniko chochote chenye betri ndani, angalia waya zimelala wapi. Kikikataa kufunga, usikikandamize. Kifungue utazame.

Kuchaji: hapa ndipo moto mwingi huanzia

Tumia chaja iliyotengenezwa kwa betri za lithiamu za ndege, yenye tundu la ule waya mdogo mweupe wenye nyuzi nyingi. Waya huo hupima kila seli peke yake na kuzisawazisha. Bila huo, chaja huona jumla tu. Jumla inaweza kusoma volti 12.6, kumbe seli mbili ziko 4.1 na ya tatu imepanda hadi 4.4. Hiyo ya tatu ndiyo itakayowaka.

Panga idadi ya seli sawasawa na ilivyoandikwa. Panga kasi isiyozidi ujazo wake kwa saa: betri ya 2200mAh ichajiwe kwa ampea 2.2 au chini. Ukiwa na haraka usiongeze ampea. Nunua betri ya pili.

Usiiunganishe moja kwa moja kwenye paneli ya sola. Paneli inayoitwa ya volti 12, jua likiwa kali na ikiwa haina mzigo, hutoa volti 20 na zaidi. Betri ya seli tatu mwisho wake ni 12.6. Ukiiunganisha hivyo, unaijaza kama gunia linaloshindiliwa hadi lipasuke. Njia salama ni paneli ichaji betri kubwa ya sola kupitia kidhibiti chaji, kisha chaja ya lithiamu ichukue umeme kwenye betri hiyo kubwa. Chaja nyingi za ndege za rimoti hukubali umeme wa volti 12 kwa njia hiyo. Vivyo hivyo, chaja ya betri ya gari au ya pikipiki haifai kwa betri ya lithiamu, hata kama vichwa vya waya vinaingia.

Chajia nje kwenye kivuli au barazani, juu ya sakafu ya udongo, saruji au jiwe. Mahali pazuri ni ndani ya sufuria kuukuu au chungu kipana kisicho na mfuniko wa kubana. Gesi ikikosa pa kutokea, chombo hugeuka bomu. Usichajie kitandani, juu ya magunia, karibu na paa la nyasi, wala karibu na mafuta ya taa au pikipiki yenye petroli. Usichaji ukilala, wala usichaji ukaenda mnadani. Kama imetoka kuruka na bado ina joto, iache ipoe kwanza.

Betri iliyovimba si ya kutobolewa

Betri ikivimba kama mkate, ndani yake kumekwisha kutengenezwa gesi. Kuna mazoea ya kuitoboa kwa sindano au msumari ili "hewa itoke", kisha kuifunga gundi na kuendelea kuitumia. Usifanye hivyo kamwe. Msumari unaotoboa mfuko ndio unaotoboa ule utando wa katikati. Betri inaweza kuwaka mkononi mwako, na gesi inayotoka ni sumu kwa mapafu na macho.

Betri iliyovimba, iliyopondeka ndege ilipoanguka, au inayonuka harufu tamu kama ya rangi ya kucha, imekwisha kazi. Usiichaji tena hata mara moja. Iweke nje mbali na nyumba, zizi na ghala, ndani ya debe au chungu chenye mchanga mkavu. Baada ya ajali, hata kama betri haina alama, itenganishe na ndege na uiweke nje uiangalie kwa saa moja au zaidi. Nyingine huwaka baada ya kuchelewa.

Simu nayo ni hivyo hivyo. Mfuniko wa nyuma ukiinuka wenyewe, betri imevimba. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kuzirudisha simu zake za Galaxy Note 7 duniani kote kwa sababu betri zake zilikuwa zikiwaka. Kama simu mpya ya bei kubwa iliondolewa sokoni kwa sababu hiyo, betri yako iliyovimba usiihurumie.

Ikiwaka ufanye nini

Kwanza watu. Toa watoto na wagonjwa nje, na mwite jirani. Usivute moshi wake hata kidogo. Ina gesi kali inayochoma koo.

Kama inachajiwa kwa umeme wa ukutani na unaweza kufikia plagi bila kupita kwenye moto, ichomoe. Betri ndogo iliyoanza kutoa moshi unaweza kuisukumia nje kwa koleo au kwa mti mrefu. Usiishike kwa mkono.

Ikishakuwa nje, au ikiwa umeme wa ukutani umekatwa, mwagia maji mengi. Wapo wanaoogopa wakisema lithiamu na maji haviivi chungu kimoja. Ni kweli kwa madini ya lithiamu yakiwa peke yake, lakini ndani ya betri hizi za kuchaji lithiamu imechanganyika na vitu vingine. Maji hupoza, na kupoza ndiko kunakozuia seli ya pili na ya tatu zisifuate. Mchanga husaidia kuzuia ndimi za moto zisirukie vitu vya jirani, ila haupozi. Kwa hiyo ukiwa na mchanga tu, utumie, lakini usiondoke ukidhani kazi imekwisha. Betri iliyozima inaweza kuwaka tena.

Moto ukishashika paa au magunia, toka. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Piga hata kama wako mbali, huku majirani wakiokoa nyumba za kando.

Aliyeungua, mmwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha funika kidonda kwa kitambaa safi na mpeleke kituo cha afya. Usimpake dawa ya meno, mafuta, asali wala kinyesi cha ng'ombe. Kimiminika cha betri kikigusa ngozi au jicho, osha kwa maji mengi papo hapo.

Kuhifadhi, kusafiri na kutupa

Betri ya ndege isiyotumika kwa siku kadhaa isiachwe imejaa wala isiachwe tupu. Ipunguze au iongeze hadi volti 3.8 kwa seli, karibu nusu. Seli iliyojaa ikiharibika huwaka kwa nguvu zaidi kuliko yenye nusu. Ndiyo sababu tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo wa ndege haziruhusiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Abiria naye betri zake za akiba huzibeba mkononi ndani ya ndege, haziwekwi kwenye begi la chini, ili moto ukianza uonekane mapema.

Kwenye basi la Katesh au Haydom fuata akili hiyo hiyo. Funika vichwa vya waya kwa gundi ya karatasi au selotepu, weka kila betri kwenye mfuko wake, usiichanganye na funguo na sarafu, na kaa nayo. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani wala chini ya bati linalowaka mchana.

Kuitupa, kwanza imalize chaji ukiwa nje kwa kuiunganisha na balbu ndogo ya volti 12 ya pikipiki hadi taa izime kabisa na multimita isome karibu na sifuri. Hii ni kwa betri isiyovimba. Wengine huitumbukiza kwenye maji ya chumvi. Njia hiyo hulaghai, kwa sababu chumvi hula vichwa vya waya mapema na umeme hubaki umejificha ndani. Usiichome kwenye moto wa takataka, usiitupe chooni wala kisimani. Ipeleke kwa fundi au muuzaji anayekusanya vyuma na vifaa vya umeme chakavu, ukimwambia ni betri ya lithiamu ili asiigonge kwa nyundo.

Maswali ya vijana mafundi

Je, seli za betri ya kompyuta mbovu zinaweza kurusha ndege? Kwa taa na redio, zikiwa nzima na zina kadi ya ulinzi, zinafaa. Kwa mota ya ndege inayovuta ampea 20 au 30, hapana. Seli nyingi za kompyuta zimetengenezwa kutoa ampea chache tu. Zitapata moto kabla ndege haijainuka.

Je, naweza kulehemu moja kwa moja kwenye seli? Joto la chuma cha kulehemia linaweza kuyeyusha utando wa ndani. Lehemu waya na viungo, siyo mwili wa seli. Na ukibadilisha kiungo cha betri, kata na umalize waya mmoja kwanza, ufunike, ndipo uende kwa wa pili. Mkasi unaokata nyekundu na nyeusi kwa pamoja umeshapiga shoti.

Je, naruhusiwa kurusha? Ndege nyuki zina kibali chake, na msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Uliza kabla hujanunua. Usirushe juu ya mkusanyiko wa watu, ndani ya hifadhi, wala karibu na kiwanja cha ndege kama kile cha Haydom, ambako ndege hutua na wagonjwa. Na hata kwa ndege ya boksi, mjulishe mwenyekiti wa kitongoji na uchague uwanda usio na mifugo. Ng'ombe wakishtuka, hasara yake ni kubwa kuliko ya ndege.

Kwa ufupi, ukumbuke matano: chaja iliyo yake, jicho la mtu wakati wa kuchaji, waya zisizobanwa, betri iliyovimba ikae nje, na ndoo ya maji karibu. Msomee makala haya asiye na simu, hasa kijana anayefungua vifaa vya umeme na mama ambaye chumba chake ndicho cha kuchajia simu za wapangaji.